Hitma Chini ya Kifungu cha Kumi na Tisa

Nianze na boksi, maana ndilo lililoniponza.

Kazini kwetu vitu vingi huja kwenye maboksi meupe, mepesi, yanayotunza baridi siku nzima. Ndani yake huwa mna chupa zilizofungwa vizuri za maji ya rangi ya waridi, ambayo ndiyo chakula cha seli. Chupa zikishatolewa, maboksi hutupwa. Mimi nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambamo kopo la maziwa ya unga lilikuwa kipimo cha mchele na ndoo ya rangi ya ukuta ndiyo iliyochotewa maji, kwa hiyo siwezi kuona boksi zima linatupwa nikanyamaza. Niliomba ruhusa, nikapewa, nikayaosha kwa sabuni na maji ya moto, nikayapanga gereji kwangu Rooty Hill. Kila friji ya Mswahili hapa Sydney ina kopo la aiskrimu lisilo na aiskrimu ndani, na mimi sikujiona nimewazidi wenzangu kwa lolote.

Kosa langu ni kwamba sikubandua vibandiko. Kwenye kifuniko cha kila boksi kulikuwa na nembo ya kampuni, na chini yake maneno ya Kiingereza kwa herufi kubwa: kwa utafiti tu, si kwa kuliwa na binadamu. Maneno unayoyaona kila siku kazini, macho huacha kuyasoma.

Kampuni ninayofanyia kazi inakuza nyama bila kuchinja. Wanachukua seli za kondoo, wanazitia kwenye tangi la chuma, wanazilisha, wanazitunza kwenye joto la mwili, nazo zinaongezeka mpaka zinakuwa kitu unachoweza kukitia kikaangoni. Hapa Australia serikali imeshaanza kuruhusu, na mikahawa michache mjini inauza nyama ya kware ya namna hiyo. Sisi bado hatujauza hata kipande. Kazi yangu ni kuyaosha matangi, kuyachemsha kwa mvuke, kupima na kuandika. Nyumbani nilikuwa mtu wa maabara ya hospitali. Nilipofika hapa vyeti vyangu vilikaa kwenye bahasha miaka sita nikiwahudumia wazee kwenye nyumba za kulelea, nikikunja shuka na kusukuma viti vya magurudumu, mpaka mume wangu alipoona tangazo la kazi hii. Alinijazia fomu yeye, akanipeleka kwenye usaili, akakaa ndani ya gari akinisubiri kama anayesubiri mtoto atoke kwenye mtihani. Nilipotoka sikuwa hata nimejua kama nimepata, lakini yeye alikuwa ameshaamua kwamba nimepata.

Alifariki mwaka jana, ghafla, kwa moyo. Tulimzika hapa hapa.

Sasa boksi. Mimi nilikuwa mpishi mkuu wa chama chetu cha Watanzania kwa miaka tisa. Harusi, maulidi, msiba, mimi ndiye niliyesimama kwenye sufuria la nyama, na katika mambo yetu huo ni ukubwa. Vitunguu atakata yeyote, mchele atachagua yeyote, lakini anayeshika nyama ni mtu aliyeaminiwa. Miezi michache baada ya eda yangu kwisha tukawa na harusi Bankstown. Nilinunua mbuzi kwa mchinjaji wetu wa siku zote, yule Mlebanoni wa karibu na stesheni, na kwa kuwa joto siku ile lilikuwa la kuyeyusha lami, nikaipanga nyama ndani ya maboksi yangu meupe, nikaipeleka ukumbini ikiwa baridi vizuri. Pilau lile lilisifiwa. Watu waliomba kufungiwa wakapeleke nyumbani, na ukoko ukagombewa.

Shoga yangu, ambaye tumepika pamoja miaka yote hiyo, alinipiga picha nikiwa nimeshika mwiko, akaituma kwenye grupu la chama na maneno ya kunisifu. Hakuwa na nia mbaya, namtetea mpaka leo. Lakini nyuma yangu kwenye picha lilikuwapo boksi, na kuna mtu akaikuza picha, akasoma kibandiko.

Ajabu ni kwamba harusi ilikuwa imepita wiki mbili. Kwa wiki mbili hakuna aliyeumwa. Jioni ile ile picha ilipokuzwa, matumbo ya Bankstown nzima yakaanza kusokota. Mmoja akasema kumbe ndiyo maana siku ile alihisi ladha ya dawa. Mwingine akasema mwanawe alitokwa na vipele. Huyo mwanawe nilimfungia vyombo viwili, na mama yake alirudi kuomba cha tatu.

Nikaeleza. Nilituma picha ya risiti ya bucha, nikaandika maneno marefu, nikapiga simu kwa watu wazima mmoja mmoja. Walinijibu kwa adabu sana. Hapo ndipo nilipoogopa, maana Waswahili tukikuamini tunakutania, na hakuna hata mmoja aliyenitania.

Mwenyekiti wetu si mtu mbaya, na sitaki mtu amwone hivyo. Anaendesha basi, amekaa hapa miaka mingi kuliko wengi wetu, na mume wangu alipofariki ndiye aliyelishika jeneza mbele, bega la kulia, mpaka kaburini. Ananiita shemeji. Lakini anapenda katiba. Katiba ya chama chetu ilikuwa na vifungu kumi na vinane, na kila mwaka lazima aongeze kimoja au apunguze kimoja, ndiyo raha yake. Mwaka huu akaleta cha kumi na tisa. Hakukiweka hata kwenye ajenda. Alikileta kwenye mengineyo, watu wakiwa wameshaanza kutafuta funguo za magari.

Wiki hiyo hiyo kazini bosi wetu alituita jikoni, tunakonywea chai. Ni Mwaustralia mrefu, mpole, asiyejua kutoa habari mbaya bila kuleta keki, kwa hiyo tulipoiona keki tulijua. Alisema jimbo jingine tena la Marekani limepitisha sheria ya kukataza nyama ya maabara. Baadhi ya majimbo kule yamekataza kabisa kuiuza, mengine yanalazimisha maandishi makubwa kwenye paketi, na mpango wetu ulikuwa ni kwenda kuuza huko. Mwisho wa mwezi wenzangu wawili waliondoka. Mimi nilibaki kwa sababu matangi lazima yaoshwe hata kama hayauzi kitu. Siku ile ya keki nilirudi nyumbani kwa treni nikiwa nimelikasirikia bunge ambalo sijui hata liko upande gani wa Marekani.

Kumbe mwenyekiti naye alikuwa ameisoma habari ile ile. Tofauti ni kwamba yeye ilimfurahisha.

"Ndugu wajumbe," alisema kwenye mkutano, akiwa ameshika karatasi nyingi zilizobanwa pini, "hili si suala la mtu binafsi. Hili ni suala la food safety. Hata Marekani, watu wanaokula kila kitu, majimbo mazima yameshaipiga ban. Sheria yenyewe nimeiprint, hii hapa. Sasa na sisi lazima tujilinde."

Akasoma kifungu chake. Kilisema mwanachama yeyote anayejihusisha na utengenezaji wa nyama ya maabara hatashika wala kupika chakula cha shughuli yoyote ya chama. Hakulitaja jina langu. Hakukuwa na haja, maana ukumbi mzima ulikuwa unanitazama.

Nilisimama. Nilikuwa nimevaa viatu vya kazini, nimetoka zamu, na nilikuwa na hasira ambayo hainitetemeshi sauti bali huinyoosha.

"Mwenyekiti, hiyo sheria na mimi nimeisoma, yote, lunch time. Inakataza kutengeneza na kuuza. Hakuna mahali inaposema mtu anayeosha matangi asikate nyama ya mbuzi harusini. Halafu wale waliopitisha wana wafugaji wao wanaowalinda, na wamesema wazi. Sisi tunamlinda nani? Nani humu ndani ana ng'ombe?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema yeye anao wawili, Handeni, wakacheka zaidi. Nikaona nimeshinda. Lakini kucheka si kupiga kura, na hilo nililijifunza dakika mbili baadaye, mama mmoja aliyekaa nyuma aliponyoosha mkono.

"Dada, mimi swali langu dogo tu. Yes or no. Wewe mwenyewe umeshawahi kuila?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwapo. Mwaka wa kwanza kazini walitupa tuonje, wote, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa nimeshauliza kondoo wa kwanza, yule aliyetolewa seli, alichinjwa wapi, nikaonyeshwa karatasi zake. Nilikuwa nimemuuliza sheikh mmoja, akasema kama asili yake ni mnyama aliyechinjwa kisheria na hakulishwa haramu, yeye haoni tatizo. Nikamuuliza wa pili, akasema bora nikae nayo mbali. Nikafikiri siku nne, nikaonja. Ilikuwa na ladha ya kondoo aliyepikwa na mtu asiyejua kupika. Sijaila tena, na sijaamua bado kama nitaila.

Yote hayo yalitaka dakika kumi kuyaeleza, na yeye alitaka neno moja. Nikasema, "Ndiyo."

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti alipoomba mikono, sikutazama mikono yote. Nilitazama mmoja, wa shoga yangu. Ulipanda kwa shida mpaka usawa wa bega, ukakaa hapo, ukahesabiwa.

Nililia ndani ya gari, tena sana, halafu nikajipangusa nikarudi nyumbani. Hasira ya kunyimwa sufuria ningeimeza. Ningekaa mwaka mmoja nikila pilau za wenzangu na kuzikosoa kimoyomoyo. Kilichonikosesha pumzi ni kwamba wiki nne mbele nilikuwa na hitma ya mwaka mmoja ya mume wangu.

Kwa asiyejua, hitma ni kusomwa Kurani yote na watu waliokusanyika, kila mmoja na juzuu yake, kwa ajili ya marehemu. Baada ya dua watu wanakula. Chakula kile si karamu, ni sadaka inayotolewa kwa niaba ya aliyekufa, na thawabu yake tunaomba imfikie yeye. Mtu akila, marehemu amelisha. Watu wasipokula, basi umepika, umeweka, umetandika jamvi, na mumeo hajamlisha mtu. Hapo ndipo kile kifungu kilipokuwa kinagonga, na mwenyekiti wala hakujua.

Shoga yangu alikuja Jumapili, akiwa amebeba vitumbua kama mtu aliyekuja kuomba radhi bila kuitamka.

"Shoga, mie siji kugombana," alisema. "Siku ya hitma nipe mie masufuria. Wewe kaa ndani na kanga yako, pokea watu. Nitapika mie, watakula, dua itapita, kwisha."

"Na mwakani atapika nani?"

"Mwakani tutayajua mwakani."

"Mikono hii imempikia miaka ishirini na mbili. Leo anahitaji sahani moja tu, nimpe mtu mwingine ampikie? Kwa sababu ya karatasi alizoziprint mwenyekiti?"

"Watu hawatakula, shoga. Mie nakwambia ukweli."

"Basi wasile nikiwa nimesimama hapa hapa kwenye sufuria langu."

Alivila vitumbua viwili vyake mwenyewe kwa huzuni, akaondoka. Binti yangu, anayesoma chuo Kensington na hurudi nyumbani mwisho wa wiki na nguo za kufua, alikuwa anasikiliza kutoka koridoni. Kiswahili anakisikia chote, kujibu hajibu.

"Mum, you could just quit," alisema. "Aged care is always hiring."

"Baba yako ndiye aliyenitoa huko."

"I know. But he'd want people to come."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Marehemu alipenda watu kuliko mimi ninavyowapenda. Nililala nalo siku mbili. Halafu nikaamua kwamba kama ningeiacha kazi ili watu wale, ningekuwa nimekubali kwamba harusini niliwalisha nisichowaambia. Kila aliyewahi kula chakula changu angekuwa na haki ya kujiuliza, na mume wangu alikila kuliko wote. Nikampigia mchinjaji wa Bankstown, nikaagiza mbuzi wawili.

Niseme sasa hivi, usije ukadhani hadithi hii inaishia kwenye karatasi, kwamba kifungu cha kumi na tisa hakijafutwa mpaka leo. Nimeomba kifutwe mara mbili na nitaomba ya tatu. Sijahama chama, sijaacha kazi, na sina mpango wa kufanya lolote kati ya hayo.

Siku ya hitma nilianza kupika baada ya alfajiri, nje, mbele ya gereji, kwenye majiko mawili ya gesi. Jirani yangu Mkongo, mama wa Uvira anayefanya kazi ya kulea wazee, alivuka barabara na ndoo yake na kisu chake bila kuitwa. Yeye ni Mkristo, hajui mambo ya juzuu, lakini mambo ya matanga anayajua vizuri sana.

"Donc, hawa watu watakuya?" aliniuliza huku akimenya vitunguu saumu.

"Kuja watakuja. Kula ndiyo sijui."

"Mutu akikuya kulilia mufu, anakula. C'est tout, basi. Kule kwetu asipokula, tunasema ni yeye alimuua."

"Nyamaza, usije ukayasema hayo mbele yao."

"Nitasema," akajibu, na akaendelea kumenya.

Walikuja. Walikuja wengi, na moyo wangu ulijaa, kwa sababu walimpenda. Wanaume wakajaa sebuleni mpaka koridoni, wanawake tukawa ukumbi wa nyuma. Nilisikia sauti zao kupitia ukutani, zile sauti nyingi zinazosoma kila moja pake, na kwa muda wa saa nzima nilisahau nyama, kifungu, Marekani, kila kitu. Mwenyekiti ndiye aliyeongoza dua. Alilitaja jina la mume wangu na la baba yake, na sauti yake ikakatika katikati, akatulia, akaendelea. Nilimsamehe mengi kwa kule kukatika.

Tukapeleka chakula. Masinia saba kwa wanaume, matano kwa wanawake, wali pembeni na nyama katikati, kama inavyopakuliwa kwetu. Binti yangu na jirani wakayabeba. Mimi nikabaki jikoni, nikajifanya napangusa meza.

Nusu saa baadaye masinia yakaanza kurudi. La kwanza nililipokea mimi. Wali ulikuwa umeliwa kwa mzunguko, vizuri, kwa heshima, kila mtu upande wake. Nyama ilikuwa katikati vile vile nilivyoipanga, hata jani la giligilani nililoliweka juu lilikuwa halijasogea. La pili likarudi hivyo hivyo. La tatu lilikuwa limekosa kipande kimoja.

Wamekuja, wamesoma, wamelia, wamekula wali wangu ili nisione aibu, na nyama wameiacha. Ingekuwa afadhali wasingekuja. Nilisimama nimelishika lile sinia na nikahisi mume wangu amesimama mlangoni kwake mwenyewe, amenyoosha mkono, na rafiki zake wote wanaangalia pembeni.

"Mum, the receipt's right there on the fridge," binti yangu alinong'ona. Alikuwa analia. "Just show them. Please."

"Hapana."

"Why not?"

"Kwa sababu mwanamke hatoi risiti kwenye hitma ya mumewe."

Jirani yangu alikuwa ameshaivua aproni, tayari kwenda kuwaambia ya Uvira. Nikamzuia. Nikajifunga kanga vizuri kiunoni, nikajitanda nyingine kichwani, nikalibeba sinia lile la tatu mwenyewe, nikatoka nalo.

Mwanamke haingii walipokaa wanaume kwenye hitma. Anapiga hodi, anaacha chakula mlangoni, anarudi. Nilipoingia, waliokuwa wameegemea ukuta wakajiweka sawa. Nikatoa salamu, wakaitikia. Nikapita katikati ya miguu yao mpaka alipokaa mwenyekiti, nikaliweka sinia mbele yake, nikakaa chini, upande wa pili wa sinia, kama anavyokaa mlaji mwenzake.

"Shemeji," nikasema, "kifungu chako nimekisoma. Kinasema shughuli za chama. Hii si shughuli ya chama. Hii ni ya mwenzio uliyembeba begani."

Akavuta miguu yake kunipisha nafasi.

"Sikuja kukushawishi kuhusu kazi yangu. Kazi yangu kesho kutwa naenda, na kwenye mkutano tutabishana tena mimi na wewe. Hapa nimekuja kuuliza jambo moja. Nyama hii ameitoa yeye. Mnamrudishia?"

Kuna jambo tunalolifanya tukila sinia moja, ambalo watoto wetu waliozaliwa hapa hawalijui kwa sababu kila mmoja ana sahani yake. Nyama ikiwa katikati, mtu hajichotei kipande chote. Mmoja huchambua, huwamegea wenzake, kila mmoja akiwekewa fungu lake upande wake wa wali. Ukishamegewa umemegewa. Kukirudisha katikati kipande ambacho mtu amekichambua kwa vidole vyake akakuwekea ni tusi ambalo sijawahi kuliona likifanyika, si Tanga, si hapa.

Nikanawa mkono kwenye bakuli lililokuwa pale. Nikachukua paja, nikalitenga na mfupa, nikalichana kwa kufuata nyuzi zake. Nikala kipande cha kwanza mimi, mbele yao wote. Kisha nikachambua cha pili, kizuri, chenye mafuta kidogo pembeni, nikakiweka upande wake.

Alikitazama. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona jasho kwenye paji la uso wake.

"Shemeji," alisema polepole, "naomba nikuulize kitu."

"Uliza."

Akafungua mdomo. Ningemjibu chochote ambacho angeuliza, hata kama ni nyama ile ilitoka wapi. Lakini alinitazama, akaitazama ile kanga yangu, akawatazama watu waliojaa kwenye sebule ya rafiki yake, na akaufunga mdomo tena.

"Basi," akasema. "Sina swali."

Akakichukua kile kipande kwa vidole vitatu, akasema bismillahi kwa sauti ya kusikika, akakitia mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu sana. Wawili waliokuwa karibu na mlango waliinuka, wakaenda kuvaa viatu vyao, na sikuwazuia, maana imani hailazimishwi na sinia langu halilazimishi. Waliobaki walikuwa wanamtazama koo.

Alimeza. Akainama, akaupeleka mkono wake katikati ya sinia, akalivuta lile paja upande wake, akaanza kuwachambulia wenzake.